Daftari la Istanbul, Safari ya Lamu

Kabla ya safari

Ujumbe wa wakala ulinifikia Alhamisi jioni nikiwa bado ofisini. Ndege tuliyoilipia tangu mwezi wa Agosti ilikuwa imefutwa, na nafasi ya karibu iliyopatikana ilikuwa ya mwishoni mwa Januari, wakati ambapo mimi nitakuwa nimekwisha kurudi kazini na ndugu yangu atakuwa darasani na wanafunzi wake. Fedha zetu zingerudishwa, lakini baada ya wiki kadhaa. Kilichonitia uzito kuliko fedha ni namna ya kumweleza mama.

Mama alistaafu uuguzi mwaka jana, na safari ya Istanbul ilikuwa zawadi yetu kwake. Alitamani kuuona msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557, na kuvuka kwa feri kutoka upande wa Ulaya hadi upande wa Asia. Tulijiandaa kama watu wanaokwenda kufanya mtihani. Nilikuwa na daftari la jalada la kijani ambamo tuliandika maswali yetu: kuba kubwa namna ile lilisimamishwaje bila nguzo katikati, maji ya mji yalitoka wapi, watu wa kawaida walikula nini asubuhi, feri huondoka saa ngapi, na mtu akiwa pale aelekee upande gani kuswali.

Nilimweleza usiku uleule. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi twendeni Amu, mwanangu. Bibi yangu alikuwa mtu wa Siyu, nami umri huu wote sijapata kuuvuka Mto Tana."

Amu ndiyo Lamu, na Siyu ni mji wa kisiwa cha Pate, jirani yake. Niliona haya, kwa sababu mimi pia sikuwahi kuuvuka mto huo. Tumezaliwa Mombasa, tunazungumza Kiswahili tangu utotoni, na mji wa Lamu uko mbali nasi kwa mwendo wa siku moja ya basi. Nilichukua daftari lilelile, nikafungua ukurasa mpya, nikayanakili maswali ya Istanbul kama yalivyokuwa. Tulikubaliana kwamba mji huu tutauendea kwa maandalizi yaleyale na heshima ileile ambayo tungeupa ule mwingine.

Siku ya kwanza, Jumatatu

Basi liliondoka Mombasa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Njia hadi Malindi tunaijua: mashamba ya mkonge ya Vipingo, daraja la Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke. Malindi tulisimama kwa muda wa kunywa chai na kula mahamri, tukaendelea.

Baada ya hapo nchi ilibadilika, ikawa tambarare yenye vichaka na ng'ombe wengi. Karibu na Garsen tuliuvuka Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, maji yake yakiwa na rangi ya udongo mwekundu. Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena na kutazama mpaka mto ulipopotea nyuma yetu. Tulipita Witu, ambako masultani wa ukoo wa Nabhany waliotoka Pate waliweka makao yao katika karne ya 19. Katika vizuizi vya polisi tulitoa vitambulisho zaidi ya mara moja, na abiria waliizoea kazi hiyo kiasi kwamba wengine walivishika mkononi tangu kizuizi cha kwanza.

Mokowe tulifika alasiri, maji yakiwa yanajaa. Huko ndiko barabara inakoishia kwa anayekwenda mjini. Mizigo hushushwa, watu hushuka ngazi za gati, na boti huwavusha hadi kisiwani. Ndugu yangu, ambaye hasafiri majini kwa raha, alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili njia nzima bila kusema neno.

Tulikuwa tumekodi vyumba katika nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, kwa mama mmoja mjane ambaye mimi nitamwita Bi mwenye nyumba. Alitupokea mlangoni, akatangulia gizani, na kabla hatujafika kwenye mlango wa pili akageuka akasema, "Angaliani kitwa!" Mama alisimama palepale. Bibi yake ndivyo alivyokuwa akisema, kitwa badala ya kichwa, na wao walipokuwa watoto walikuwa wakimcheka kwa neno hilo.

Usiku tulikula wali wa nazi, samaki wa kupaka na maembe, kwa kuwa Desemba ndio msimu wake. Karibu na wakati wa Isha mwezi, uliokuwa umetimia jana yake, ulichomoza upande wa kisiwa cha Manda, na kutoka darini tuliona mlingoti wa kila jahazi lililofungwa pwani.

Siku ya pili, Jumanne

Siku hii tuliitoa yote kwa mji, na tulimlipa kijana wa hapo atuongoze, kama ambavyo tungefanya ugenini. Namshauri kila Mswahili anayekwenda Lamu asione kwamba kwa kuwa anajua lugha hahitaji mwongozaji. Sisi tulijua lugha, lakini hatukujua tunachokitazama.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba haukuhamwa. Gedi tuliyoipita njiani ni magofu. Lamu watu wanaishi, wanapika, wanaoa na kuzika mumo humo. Msikiti wa Pwani husemwa kuwa na asili ya mwaka 1370. Barabara kuu, ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui, ina upana wa watu wachache wakipita bega kwa bega, na punda aliyebeba mawe ya ujenzi akija, kila mtu hujibanza ukutani hadi apite. Vichochoro vingine ni vyembamba zaidi, na juu ya baadhi yake kuna wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake wa nyumba hizo watembeleane bila kushuka mtaani.

Swali letu la kwanza, lile la kuba na nguzo, tulijibiwa katika nyumba ya makumbusho, ambayo ni nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyohifadhiwa pamoja na vyombo vyake. Niligundua kwamba vyumba vyote ni virefu lakini vyembamba, nikauliza kwa nini. Mwongozaji alinyoosha kidole juu. Dari inashikiliwa na boriti za mikoko zilizopangwa kwa karibu, na boriti ya mkoko ikipita mita tatu hivi haiaminiki tena kubeba uzito wa mawe na chokaa. Kwa hiyo aliyekuwa akijenga aliipata kwanza boriti, ndipo akajua upana wa chumba chake. Mwenye mali na asiye na mali kubwa walikuwa na upana uleule. Tofauti yao ilionekana katika urefu, katika idadi ya vyumba, na katika ukuta wa ndani kabisa.

Ukuta huo tuliukalia mkeka mbele yake kwa muda mrefu. Umejaa zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari, kila kimoja kikiwa na upinde wake na nakshi ya chokaa pembezoni. Nilipokisogelea kimoja, niliona kwamba mistari ya nakshi haikuwa sawasawa: mahali fulani fundi alikuwa amekata kwa kina zaidi kisha akapunguza mkono, na ndani ya mkato kulikuwa na vumbi jeupe lililobaki. Nyumba yenyewe ni ya matumbawe. Mwongozaji alitueleza kwamba matumbawe ya kuchonga yalikuwa yakikatwa yakiwa hai chini ya maji, yanapokuwa laini, na hukauka yakawa magumu yakipata hewa; mawe ya miamba ya nchi kavu ni ya kujengea kuta nene. Ndugu yangu, ambaye hufundisha sayansi, aliandika ukurasa mzima.

Baada ya hapo mama aliuliza swali ambalo halikuwamo daftarini: mwanamke wa nyumba kama hii alilala wapi alipojifungua? Alionyeshwa chumba cha ndani kabisa, mbali na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi, mahali ambapo kelele za mtaa hazifiki. Alikaa mlangoni mwa chumba hicho kwa muda, akikitazama kama muuguzi anavyotazama wodi.

Siku ya tatu, Jumatano

Asubuhi tuliingia Ngome, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, ikawa gereza hadi mwaka 1984, na sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuta zake ni za kuvutia kwa nje kuliko kwa ndani, kwa maoni yangu, na kilichonikaa moyoni zaidi ni uwanja wa mbele wake, ambako wazee walikuwa wakicheza bao. Katika jumba la makumbusho la pwani tuliiona siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu lenye urefu unaozidi mita mbili, lililokuwa likipulizwa katika arusi na sherehe za wakubwa. Mama aliniomba nimpige picha kando yake, jambo ambalo si kawaida yake.

Saa nne tulianza kutembea kwenda Shela, maji yakiwa yanakupwa, tukipita ufukweni. Ni mwendo usiofika saa moja kwa mtu asiye na haraka. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa mwaka 1829, una mnara mweupe wa mviringo unaopungua kwenda juu, na huwezi kuusahau ukishauona. Ng'ambo ya kijiji ndipo ufuko unapoanza, kilomita 12 za mchanga bila jengo, pamoja na vilima vya mchanga nyuma yake.

Hapo ndipo tulipopata jibu la swali la maji. Mvua ikinyesha juu ya vilima vile huzama mchangani na kuhifadhiwa chini, na visima vilivyochimbwa hapo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Kujenga ovyo juu ya mchanga huo ni kuchafua kisima cha mji mzima, na natamani kila anayetafuta kiwanja chenye mandhari ya bahari alijue hilo kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Ufuko huo pia ndipo vilipopiganwa vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, Waamu, yaani watu wa Lamu, wakiwashinda Wapate na Wamazrui waliotawala Mombasa. Simulizi za huko husema kwamba washambuliaji walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekwama mchangani, kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Sisi ni watu wa Mombasa, na tulisimuliwa hayo kwa upole mkubwa.

Siku ya nne, Alhamisi

Magofu ya Takwa yako kisiwani Manda, na njia yake ni mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko, ambao hupitika vizuri maji yakijaa tu. Nahodha alituambia siku moja kabla: maji yatajaa saa moja na nusu, kwa hiyo tuondoke saa kumi na mbili na robo, na ikifika saa tatu tuwe tumekwisha kutoka. Niliandika saa hizo daftarini chini ya swali letu la feri.

Tuliondoka kwa mashua ya tanga moja. Kaskazi, upepo wa msimu huo, ilikuwa imeanza lakini asubuhi ile ilikuwa nyepesi, na mashua iliteleza bila sauti isipokuwa ya maji chini ya ubao. Mlangoni mwa mkono wa bahari walitua tanga, wakachukua pondo, na kijana mmoja akasimama kwenye gubeti akitusukuma mbele. Mikoko ilitukaribia pande zote mbili. Niliona kaa wekundu wakipanda kwenye mizizi kukimbia maji yaliyokuwa yakipanda, na kila wimbi dogo la chombo chetu lilipogusa mizizi, walihama kwa pamoja hatua moja juu.

Takwa ilikuwa mji wenye ukuta kuuzunguka, ikastawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha watu wakauacha. Husemwa kwamba visima viliingia chumvi, na kwamba waliohama walivuka wakaanzisha maisha Shela. Msikiti wake wa Ijumaa ungali umesimama kuta zake, na juu ya ukuta wa kibla kuna nguzo, jambo ambalo sijaliona kwenye msikiti mwingine wowote. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka unaolingana na 1681 au 1682, na watu wa Shela bado huvuka kuja hapo kuomba mvua.

Mama alisimama mbele ya mihrabu, akauliza upande. Nahodha akamwonyesha: kaskazini, karibu moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko juu yetu kwenye mstari uleule wa ramani. Nilifungua ukurasa wa Istanbul, ambapo nilikuwa nimeandika "kusini-mashariki", nikamsomea. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba basi mtu wa kule na mtu wa hapa wakiswali wanaelekeana. Aliswali rakaa mbili nje ya kuta, kwenye kivuli cha mbuyu, na sisi tulimngoja kimya.

Ilipokaribia saa tatu nahodha alianza kutuita, na hakuwa akitania. Tulipoingia mashuani maji yalikuwa yameshaanza kurudi nyuma, na matope yalikuwa yanaonekana mahali ambapo asubuhi palikuwa na kina. Kurudi mjini tulibisha, tukivuka mkondo huku na huku dhidi ya upepo, na kila chombo kilipogeuka ndugu yangu aliombwa ahamie upande wa pili ili uzito wake usaidie. Alifanya hivyo mara sita. Mara ya sita hakungoja kuombwa, na mikono yake haikushika ukingo.

Siku ya tano, Ijumaa

Mji ulitulia mapema. Maduka yalifungwa kabla ya sala, na baada yake tulikwenda mtaa wa Langoni kuuona kwa nje msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, ambao huwakusanya watu wa pwani nzima wakati wa Maulidi.

Barazani, si mbali na hapo, tulimkuta mzee akishona kofia. Mama alifuma na kushona maisha yake yote, kwa hiyo aliomba ruhusa akaketi karibu. Kitambaa kilikuwa cheupe na uzi una rangi ya maziwa. Mzee alitoboa kitundu kidogo kuliko punje ya mtama, akakizungushia uzi ukingoni mshono kwa mshono hadi kikabaki wazi chenyewe, kisha akahamia kitundu kilichofuata, na vitundu hivyo vyote pamoja ndivyo vilivyofanya ua. Upepo hupita humo, akasema, ndiyo maana kofia nzuri haimchoshi mtu juani. Ile aliyokuwa nayo aliianza upepo wa kusi haujakatika, na bado ilikuwa na safari.

Mama alimwambia kwamba bibi yake alikuwa mtu wa Siyu. Mzee aliweka sindano chini.

"Wa mtaa upi, dada yangu?"

Mama hakujua. Alijua jina la bibi, na jina la babake bibi, na kwamba walihamia Mombasa kwa jahazi. Mzee alirudia majina hayo mawili polepole, akasema yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Siyu, kwamba jina la pili si geni masikioni mwake, na kwamba kule kuna wazee wa kuulizwa, ila waulizwe mapema. Hakuahidi zaidi ya hapo, na mimi nilimheshimu kwa hilo. Mama alinunua kofia iliyokuwa tayari, bila kupunguza bei hata shilingi moja, akaishika mapajani hadi tuliporudi nyumbani.

Siku ya sita, Jumamosi

Bi mwenye nyumba alitufungia mikate ya mofa ya njiani, akakataa kulipwa. Gatini tulimkuta nahodha wa Alhamisi, aliyekuja kutuaga. Tukiwa tunangoja boti ya Mokowe, simu yangu ilipokea ujumbe wa wakala: fedha zimeidhinishwa kurudishwa, na wangependa kujua kama tunataka tarehe nyingine ya Istanbul. Nilimsomea mama.

Alimgeukia nahodha, akamuuliza boti za kwenda Pate huondoka saa ngapi. Nahodha akasema hazina saa moja. Zinapita Mlango wa Mkanda, njia nyembamba ya bahari kati ya Manda na bara, na Mkanda hauna maji ya kutosha ila yakijaa, kwa hiyo saa hubadilika kila siku pamoja na maji. Bamvua lijalo, yaani maji makubwa kuliko ya siku nyingine, litakuwa mwezi ukiandama, mwishoni mwa wiki inayofuata. Na kutoka Pate hadi Siyu, akasema, mtu huulizia usafiri akishafika.

"Andika," mama akaniambia, nami nikafungua daftari la kijani, ukurasa wa mwisho uliobaki mtupu, nikaandika: Mkanda, maji yakijaa, Siyu, kuuliza wazee, majina mawili.